Radhi na Mazoea: Dhidi ya Uhakiki wa Orodha katika Usomaji wa Mapenzi ya Kifamilia

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili kuna tabia moja ambayo imezoeleka kiasi cha kutoulizwa tena. Mhakiki huchukua mashairi mawili au matatu, akayapekua, kisha akatoka na orodha: hapa pana mapenzi ya mama kwa mwana, pale pana mapenzi ya baba, kule pana mapenzi ya mume na mke, na mwishoni pana mapenzi ya ndugu kwa ndugu. Kila aina hupewa kichwa chake kidogo, beti mbili za kuithibitisha, na sentensi ya kueleza kwamba mshairi amefaulu kuisawiri dhamira hiyo. Baada ya hapo daftari hufungwa. Kazi hii huitwa ulinganishi, ilhali hakuna kilicholinganishwa. Kilichofanyika ni hesabu ya bidhaa ghalani.

Madhara ya mtindo huu hayaishii katika ulegevu wa mbinu. Orodha hugawa heshima. Ikishaamuliwa kwamba shairi fulani ni la mapenzi na jingine ni la utiifu, au la mawaidha, au la siasa, wasomaji wanaofuata hulikuta kila shairi limekwisha kufungiwa chumba chake, na kulitoa humo huwa kazi ya miaka. Mfano ulio wazi kuliko yote ni namna wanavyosomwa wajane wawili wa fasihi ya Kiswahili: Mwana Kupona binti Msham wa Siyu na Shaaban Robert wa Tanga.

Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858, sawa na 1275 Hijria, miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, ambaye jina lake lingali linatajwa kwa jinsi alivyopambana na enzi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Alipotunga alikuwa mgonjwa, na kwa kauli ya utendi wenyewe maradhi yalikuwa yametimiza mwaka. Anayeambiwa ni binti yake, Mwana Hashima. Shaaban Robert naye, katika Maisha Yangu, alimwombolezea mkewe Amina kwa shairi ambalo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyelijua. Hali za watunzi hawa wawili zinakaribiana kuliko inavyokubaliwa. Wote wamefiwa na wenzao wa ndoa. Wote wanatazama nyuma na kueleza kilichopotea. Wote wanadai kwamba kifo hakikukata kifungo kilichokuwapo. Hata hivyo, la Shaaban Robert huitwa shairi la mapenzi ya dhati, na la Mwana Kupona huitwa somo la utiifu wa mke. Mwanamume akilia amependa. Mwanamke akilia ametimiza wajibu.

Wapo watakaojibu kwamba tofauti hiyo imo ndani ya matini zenyewe. Jibu hilo linastahili kupimwa kwa kuzirejelea matini, kwa kuwa wengi wanaolitoa hawajaurudia utendi ule tangu walipokuwa wanafunzi. Baada ya kumweleza binti yake namna ya kuishi na mume, Mwana Kupona anageuka na kuzungumza juu ya ndoa yake mwenyewe. Anasema kwamba siku zote waliishi bila ya kugombana. Anasema kwamba saa ya mwisho ilipofika mumewe alimkariria radhi, yaani hakumpa mara moja tu bali aliirudiarudia, hata moyo wa mke ukatosheka. Halafu anasema neno ambalo uhakiki wa orodha umelipita kana kwamba halikuandikwa: tangu siku ile hadi siku ya kutunga hajakoma kulia kila akumbukapo furaha yao na wingi wa mazoea waliyokuwa nayo. Mazoea! Neno hili halimo katika msamiati wa sheria wala wa fikihi. Ni neno la watu waliokaa pamoja, wakajuana vicheko na ukimya, hata kila mmoja akawa sehemu ya siku ya mwenziwe. Mwenye kutafuta mapenzi ya mume na mke katika ushairi wa pwani na asiyaone hapa, shida haiko kwa Mwana Kupona.

Kwa nini basi hayaonekani? Sehemu kubwa ya jibu ni ya kifani, na ndiyo inayosahauliwa na wanaotenga fani na maudhui kama mtu atengaye nyama na mfupa. Shairi la Amina ni shairi la kibwagizo. Wazo la fundo la mapenzi ambalo hakuna awezaye kulifungua linarudi mwishoni mwa kila ubeti, na msomaji hata akisinzia hataweza kulikosa. Marehemu anasemeshwa moja kwa moja, anafananishwa na ua lililofunga baada ya kuchanua, anaombewa. Kila kitu katika umbo la shairi hilo kimepangwa ili huzuni isimame mahali pamoja na kutazamwa. Utendi haufanyi hivyo. Utendi una vipande vya mizani minane, hauna kibwagizo, na kina chake cha mwisho kinauvuta kila ubeti uende kwa unaofuata. Katika umbo kama hilo chozi hupita njiani. Hutajwa mara moja, na msemaji huendelea na safari kwa sababu bado ana mengi ya kusema na muda wake ni mfupi. Mhakiki anayehesabu mara ambazo neno mapenzi limejitokeza atalipata kwa wingi kwa Shaaban Robert na kwa uchache kwa Mwana Kupona, na ataamini amepima kina cha moyo wa kila mmoja. Alichopima ni tofauti ya bahari mbili za ushairi.

Tofauti nyingine inahusu nani anaambiwa. Shaaban Robert anamwambia Amina mwenyewe. Mwana Kupona hamwambii mumewe lolote. Anamsimulia binti yao habari za baba yake. Kwa hiyo mapenzi ya ndoa katika utendi yamo ndani ya mapenzi ya mama kwa mwana, na hayawezi kutolewa humo bila ya kuharibu yote mawili. Mama anapomwambia binti kwamba baba yako aliniridhia hadi pumzi ya mwisho, anamwambia pia kwamba wewe umetoka katika nyumba ya namna ile. Hapo orodha inavunjika. Utaliweka tukio hili chini ya kichwa gani?

Uhakiki unaosaka mapenzi ya kifamilia umeshindwa kuyaona katika tendi hizi kwa sababu umekuja na neno lisilo la nyumba hiyo. Neno linaloitawala sehemu ya kati ya utendi wa Mwana Kupona ni radhi. Mama anamfunza binti kwamba mwanadamu anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume, ambayo, kwa maneno ya utendi, imekaririwa mno. Mpangilio huu ni hoja. Baba na mama wametangulia mume. Anayesema ni mmoja wa wenye radhi hizo tano, na anasema akiwa kitandani, akijua kwamba baada yake binti atabaki na madai ambayo yeye hataweza tena kumsaidia kuyalipa.

Radhi si sawa na mapenzi, ingawa haiwezi kuwapo kwa ukamilifu pasipo mapenzi. Radhi ni kitu ambacho mmoja anacho mkononi na mwingine anakihitaji. Mtoto anaweza kupendwa na mzazi asiyemridhia; hakuna mzazi wa Kiafrika asiyeijua hali hiyo, wala mtoto asiyeiogopa. Lugha ya siku hizi imelipunguza neno hili nguvu. Mtu akimkanyaga mwenziwe ndani ya matatu husema niwie radhi, naye huenda zake. Lakini hata katika matumizi hayo madogo wazo la deni bado limo: kuna jambo nimekufanyia, nawe ndiwe mwenye uwezo wa kulifuta. Wosia wa Mwana Kupona ni wa mtu anayetaka mwanawe asibaki na deni kwa yeyote. Ndiyo maana unaanza na vitu vya kufungwa mwilini. Mama anaahidi hirizi ya kutiwa uzi, na kidani cha lulu na marijani cha kuvikwa shingoni. Maneno yenyewe ndiyo hirizi na ndiyo kidani. Mama anafahamu kwamba mwili wake hautakuwapo, kwa hiyo anatengeneza kitu cha kukaa kwenye mwili wa mwanawe.

Ni hapa ambapo lazima likabiliwe jambo gumu, na wanaoupenda utendi huu hawana haki ya kulikwepa. Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba siku ya ufufuo uamuzi juu yake utakuwa wa mumewe: akitaka aende peponi ataenda, na akisema aende motoni hana budi. Anamwagiza amhudumie mume kwa kila namna, amwache alale bila ya kumwamsha, aombe ruhusa kabla ya kutoka na arudi upesi. Hizi si beti za kupambwa. Msichana anayezisoma leo katika darasa la chuo kikuu ana haki ya kukasirika, na mhadhiri anayemtuliza kwa kusema kwamba hizo zilikuwa mila za wakati ule amemnyima jibu.

Kambi mbili zimejitokeza kukabiliana na ugumu huo, na zote mbili zimeupunguza utendi. Ya kwanza ni ya wanaoulaani. Kwao Mwana Kupona ni mtumishi wa mfumo wa kuumeni, mama anayemtia mwanawe minyororo kwa mikono yake mwenyewe. Kambi hii haikuanza na watetezi wa haki za wanawake. Ilitayarishiwa njia na wale walioutangaza utendi ughaibuni, kwani toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 liliupa kichwa cha Kiingereza kinachoufanya kuwa shauri kuhusu wajibu wa mke. Sehemu ya mume haifiki hata nusu ya beti 102 za utendi huo. Zilizobaki zinahusu heshima kwa watu, adabu ya ulimi, jinsi ya kukaa na walio chini, ndoa ya mtunzi, na dua ndefu ambayo ndani yake mama anawakabidhi watoto wake kwa Mola na kuwaombea jamaa zake. Kichwa kile cha 1934 kilikata kipande kimoja cha nguo na kukitangaza kuwa ndiyo nguo yote, na vizazi vya wahakiki, wazalendo wa utamaduni na wapinzani wake kwa pamoja, vimekuwa vikibishana juu ya kipande hicho.

Kambi ya pili imekuja na kejeli. Makala ya Ann Biersteker ya mwaka 1991 yaliufungulia mlango usomaji huo, na ni lazima ikubaliwe kwamba mlango huo ulihitajika. Pale ambapo binti anaambiwa amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kunena, ni kiziwi tu asiyesikia kwamba mzee wa nyumba ameshushwa kutoka kwenye kiti chake na kuwekwa kwenye mbeleko. Wanawake wakisomeana ubeti huo faraghani hawakosi kucheka. Lakini kutoka kicheko kimoja hadi kudai kwamba utendi mzima ni fumbo la uasi ni kuruka mto kwa macho yaliyofumbwa. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, alikuwa muumini, na aliiandika dua yake kwa moyo wote. Usomaji wa kejeli humwokoa kutoka kwa imani yake kana kwamba imani hiyo ilikuwa aibu, na humfanya afanane na msomi wa leo. Huo nao ni namna ya kutomsikiliza.

Kinachopotea katika kambi zote mbili ni uhusiano. Zote humsoma mtunzi kama mwanamke anayezungumza juu ya wanaume, ilhali utendi ni wa mama anayezungumza na mwanawe. Mama anayeamini kwamba moto upo, na anayeamini kwamba ufunguo wake ameshika mtu mwingine, afanye nini? Amfiche mwanawe habari hiyo ili aonekane mpole mbele ya vizazi vijavyo? Mapenzi ya mama huyu yanapita katika hofu, na ukali wa beti zile ni ukali wa hofu hiyo. Kusema hivyo si kuhalalisha uwezo aliopewa mume. Mtu anaweza kuukataa mpangilio ule wa dunia, na akautambua uchungu wa aliyelazimika kumpitisha mwanawe ndani yake. Uhakiki usioweza kufanya mambo haya mawili kwa wakati mmoja haujawa tayari kwa ushairi wa karne ya kumi na tisa, wala kwa wa karne nyingine yoyote.

Sasa na asikilizwe baba. Shaaban Robert alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Ukiusoma mwanzo wa Hati kando ya mwanzo wa utendi wa Mwana Kupona, ni vigumu kuamini kwamba ni sadfa. Kule Siyu mama anamwita binti asogee mbele, aketi, akiwa na wino na karatasi, kwa kuwa kuna jambo moyoni. Kule Tanganyika baba anamtaka binti akae juu ya kiti aandike hati ndogo ya wosia. Katika tungo zote mbili mzazi anasema na binti ndiye anayeshika kalamu. Jambo hili lilipaswa kuwa kitovu cha kila ulinganishi wa wazazi hawa wawili. Binti hapokei wosia kwa sikio tu. Anauandika, herufi baada ya herufi, na kwa hiyo mkono wake mwenyewe unapita juu ya kila agizo alilopewa.

Ndani ya kufanana huko ndimo tofauti zinamoanza kusema. Kiti cha Shaaban Robert si kitu cha kupuuzwa. Mtunzi huyo aliajiriwa katika utumishi wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha mwaka 1926, na maisha yake ya kazi yalikuwa ya kalamu, meza na majalada. Neno alilolichagua liwe jina la utenzi ni hati, neno la afisi na mahakama, neno la shamba na nyumba. Mama wa Siyu ametoa mfano wa hirizi na kidani, vitu vya kugusa ngozi. Baba karani amechagua waraka. Mapenzi yake ni ya mtu aliyeona jinsi maisha ya Mwafrika chini ya ukoloni yalivyotegemea karatasi, na ambaye anataka mwanawe awe na yake. Kumwita baba huyu mpenda maadili, kama inavyofanywa kila mara, ni kumsifu kwa namna ya kumzika. Maadili yako mengi katika Hati, baadhi yake ya kuchosha, na yale yanayohusu ndoa hayako mbali na yale ya Mwana Kupona. Ajabu ni kwamba kwa maagizo hayo Shaaban Robert hajawahi kushtakiwa kwa ukali ule ule. Baba akimfunza binti utii, ni hekima; mama akimfunza, ni usaliti. Wahakiki wanaojitangaza kuwa watetezi wa mwanamke wangefaa kuutazama mzani huo waliouweka wenyewe.

Kuna tofauti nyingine iliyo nzito zaidi. Mwana Kupona anatunga akiwa karibu na kifo, na utendi wake unajua hivyo. Dua yake ni sehemu ya wosia kwa kuwa mahali ambapo maneno yake hayataweza kufika, dua ndiyo itakayofika. Baba wa Hati anatoa wosia akiwa bado ni mtu wa dunia hii, mwenye kazi na vitabu vya kuandika. Wosia wake una utulivu wa mwalimu. Ukiulinganisha na ule wa Siyu kwa kigezo cha uzuri wa nasaha tu, utakuta zinalingana. Ukiulinganisha kwa kuuliza ni nini kitampata msemaji kesho, utakuta ni sauti mbili tofauti kabisa. Na huenda ndiyo sababu maombolezo ya Amina, yaliyomo katika kitabu kile kile, yanagusa zaidi kuliko Hati. Mbele ya kaburi la Amina mwalimu amepotewa na somo.

Pingamizi moja linaweza kutolewa: kwamba si halali kumlinganisha mke wa mtawala wa Siyu wa 1858 na karani wa Tanganyika aliyefariki mwaka 1962, watu waliotenganishwa na lahaja, na karne, na ukoloni mzima. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito iwapo ulinganishi ungekuwa wa orodha, kwa sababu orodha haina njia ya kueleza kwa nini vitu vimewekwa pamoja. Lakini tungo hizi zimeunganishwa na bahari moja, na kitendo kimoja cha kuketisha binti na kumpa kalamu, na wazo moja la wosia. Umbali wa wakati ndio unaofanya mabadiliko ndani ya umbo hilo yaonekane.

Mapenzi ya mama yamepatwa na msiba mwingine tena, nao ni wa kugeuzwa jazanda kabla ya kusomwa. Shairi la Shaaban Robert linalosifu utamu wa titi la mama ni shairi la lugha: titi ni Kiswahili. Hilo halina ubishi. Linalofaa kubishaniwa ni kwamba mhakiki akishasema titi ni Kiswahili huridhika, wala haulizi kwa nini mtu wa asili ya Kiyao aichague picha ya kunyonya ili kudai haki yake juu ya lugha. Hoja ya shairi hilo haiko katika ubora wa maziwa. Iko katika ukweli kwamba aliyenyonyeshwa hafanyi hesabu ya ubora. Ukiondoa mapenzi ya mwana kwa mama, madai ya lugha yanabaki bila ya mguu.

Hali ni hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi, kwa Abdilatif Abdalla. Diwani yake ya Sauti ya Dhiki, iliyotoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, ilitungwa alipokuwa mfungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Ni haki isomwe kisiasa. Lakini chukua shairi la majibizano liitwalo Mnazi: Vuta n'kuvute. Mmoja yuko juu ya mnazi na mwingine yuko chini akimtaka ateremke, na neno la kwanza la aliye chini kwa mwenziwe ni ndugu. Wahakiki wengi hufika haraka kwa watawala na watawaliwa, wanyonyaji na wanyonywaji, na wakishafika hawarudi tena mtini. Neno ndugu kwao limekuwa kama kofia ambayo mtu huivua mlangoni.

Shairi hilo halimruhusu msomaji aivue. Lingekuwa la adui na adui, ugomvi ungekwisha kwa shoka au kwa mahakama. Linauma kwa kuwa wanaovutana wana dai moja juu ya mti mmoja, na kila mmoja anatarajia kwamba mwenziwe, kwa kuwa ni ndugu, atasikia neno. Wawe ni wa tumbo moja au wa nchi moja, shairi linataka uzito wa undugu wa damu ndio upimie makosa ya undugu wa taifa. Aina hii ya mapenzi haina upole wa Hati wala machozi ya Amina. Inajitokeza kama ukali: mtu hukasirishwa na dhuluma ya ndugu kwa namna asivyokasirishwa na ya mgeni. Umbo la majibizano nalo linalisema hilo bila ya kulitangaza, kwa sababu wanaojibizana kwa kaida za ushairi hulazimika kuchukuliana vina na kusikilizana hadi mwisho wa ubeti. Wanaovutana wanatunga shairi moja. Huko pwani, ambako malenga huzaliwa na kulelewa katika nyumba za malenga, hilo halikuwa jambo la kinadharia: Abdilatif mwenyewe ni ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Malenga wa Mvita, diwani ya mwaka 1971. Orodha ingeliweka shairi la Mnazi chini ya kichwa cha migogoro, na safu ya mapenzi ya ndugu ingebaki tupu. Pengine ingejazwa kwa shairi dhaifu zaidi ambalo limetaja neno pendo mara tatu.

Dhana ambazo tungo hizi zinazitumia zenyewe, yaani radhi, wosia, mazoea, amana, deni, haki ya ndugu, ni nyingi na ni kali kuliko dhana moja ya mapenzi iliyokatwakatwa vipande vinne. Nazo haziheshimu mipaka ya vyumba. Radhi inaunganisha mzazi, mume na Mungu katika hesabu moja. Mazoea yanaunganisha ndoa na malezi. Wosia unawaunganisha mama wa Siyu na baba wa Tanga, kisha unawatenganisha katika jambo la kifo. Ni kutokana na miunganiko na mitengano ya namna hii ambapo ulinganishi hupata kazi ya kufanya, na mtafiti wa shahada ya uzamili anayetafuta mada hana sababu ya kwenda kuazima mpangilio kutoka kwa miongozo ya mitihani ya ushairi wa Kiingereza.

Inafaa pia kuangaliwa jinsi Mwana Kupona alivyoufunga utendi wake, kwa kuwa wahakiki wa utiifu huwa wamekwisha kuondoka kabla ya kufika huko. Anataja idadi ya beti na mwaka. Anajieleza mtunzi kuwa ni gharibu, mtu mpweke mwenye huzuni, ingawa alikuwa katika nchi yake na miongoni mwa jamaa zake. Halafu wosia ulioanza kwa kumwita binti mmoja asogee karibu unafunguliwa kwa wanawake wote, nao wanaambiwa wasome na wafahamu maana yake.

Hakusema watii. Alisema wasome.